Gitaa Namba 61

Tarehe 3 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimelipata!

Nimelipata na nimelilipia, na hivi ninavyoandika limelala kitandani mwangu ndani ya kasha lake, mimi nalala sakafuni siku ya pili leo. Mama anasema nimerukwa na akili. Nikueleze vizuri kwa barua, maana simuni hatuelewani tena tangu ile kompresa ya rangi ikule masikio.

Unalikumbuka gitaa la umeme la Baba, lile jekundu? Kiwanda kiliacha kulitengeneza kabla sijazaliwa. Sasa wamelirudia: vipimo vilevile, mbao za aina ileile, hata skrubu za mtindo wa zamani. Wametoa mia mbili tu dunia nzima, na kila moja lina namba yake nyuma. Langu ni namba 61.

Sikiliza hesabu zake. Gitaa la kawaida, ukitoka nalo tu mlangoni mwa duka, theluthi ya bei umeiacha ndani. Haya ya marudio ni kinyume chake. Yakishaisha kiwandani yanaanza kupanda, na watu wanaanza kutafutana. Kasha, hati yenye sahihi ya fundi, kile kikaratasi kinachoning'inia shingoni, hata kitambaa cha kufutia, kila kimoja kina bei yake na kikikosekana unakatwa. Nimelinunua milioni tisa kwa mtu anayehama nchi, na ndiyo akiba yangu yote ya miaka saba ya kuuza magitaa ya watu. Nikiuza kumi na tano au zaidi, nalipia mwaka mzima wa kile chumba chenye kioo mbele nilichokwambia, na duka linakuwa langu. Usidhani nimelinunua kwa ajili ya kumlilia marehemu Baba. Hii ni biashara.

Shida ni bati letu linavuja na mvua hazina mpango, na unyevu ni adui wa gitaa. Stoo yako ya rangi ni kavu. Nalituma kwa gari la vifurushi. Likifika, fungua kasha mara moja tu, angalia kama liko salama, funga, uniandikie.

Na tafadhali, kwenye bahasha andika jina langu. Kumwita "Kijiko" mtu wa miaka thelathini na minne ni kumvunjia heshima mbele ya watu wa posta. Najua utotoni nilikuwa mwembamba, lakini sasa nimeshiba.

Mwanao,
Dalali


Tarehe 9 Machi

Kijiko wangu,

Marahaba. Bahasha ni yangu, naandika ninachotaka.

Kasha limefika juzi, nimelipokea mwenyewe. Gitaa limefika salama. Kulala kitandani kwako sasa ruksa.

Nilipolifungua nilikaa nalo kama saa nzima. Kweli ni lilelile. Nilidhani nimelisahau, kumbe mkono unalijua. Baba yako angekuwepo angekunyang'anya siku hiyohiyo, na ungelia bure.

Nina maswali mawili tu, ya kawaida. Kwanza, yule dereva wa vifurushi ni mtu wa kuaminika? Nauliza tu. Pili, mtu anayetoa mamilioni yote hayo, ina maana anataka kitu kiwe sawasawa kabisa? Hakubali hata dosari ndogo?

Usijali lolote. Kazi ya rangi nimeifanya miaka arobaini, nikianza na viti vya harusi mpaka magari ya wakubwa, na hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Kazi yako ni kutafuta mnunuzi.

Baba yako mdogo,
Fundi Rangi


Tarehe 15 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mnunuzi amepatikana! Kwa kweli wamepatikana watatu, lakini mmoja ndiye mwenyewe.

Sisi madalali tunamwita Mzee Glavu, kwa sababu hashiki gitaa bila glavu nyeupe. Ana magitaa zaidi ya themanini kwenye chumba chenye mashine ya kukausha hewa, na hapigi hata moja. Nilimtajia namba 61, akajifanya hajali, akaagiza chai. Akauliza habari za Mama. Ndipo akasema, kama anajikuna tu, "Kumi na mbili." Nikacheka. Akasema kumi na tatu na nusu. Nikasimama, nikachukua mkoba. Nilikuwa sijafika mlangoni akasema kumi na sita. Baba Mdogo, niliinama kuficha uso, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Na nilikuwa nimevaa ndala.

Umeuliza kuhusu dosari. Hakubali hata chembe! Ana kioo cha kukuza, anakagua kipande kwa kipande. Kila kitu lazima kiwe vilevile kilivyotoka kiwandani. Ukibadilisha uzi mmoja tu anakushusha. Ndiyo maana nakwambia lisiguswe.

Jana nilipita kwenye kile chumba. Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Nilipima ukuta kwa mikono, magitaa ishirini na mawili yanaenea.

Dereva ni mtu mwema, ana watoto wanne. Kwa nini unamuuliza?

Mwanao,
Dalali


Tarehe 22 Machi

Kijiko wangu wa dhahabu,

Marahaba, marahaba mara kumi. Milioni kumi na sita! Nimewasomea barua yako watu wote wa karakana. Ile ya ndala imebidi niirudie.

Mwambie huyo Mzee Glavu aje na kioo chake. Aje na vioo viwili. Kama anataka kitu kilivyotoka kiwandani, basi sasa kiko hivyo, na pengine zaidi. Siku kumi hizi sijapokea gari la mtu. Nimemfukuza hata mwenye teksi anayenidai milango yake. Dukani kwako tutanunua na saa ya ukutani, hiyo ni juu yangu.

Nina zawadi yako lakini sisemi. Utaiona siku ukifungua kasha. Mimi mwenyewe nikilifungua asubuhi najiona usoni.

Kuhusu dereva, msamehe tu. Watu hawajui wanachobeba.

Baba yako mdogo,
Fundi Rangi


Tarehe 27 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha na imenichanganya. Unajiona usoni wapi? Na dereva nimsamehe nini? Nadhani zile rangi unazovuta zimeanza kupanda kichwani, pumzika kidogo.

Basi kuna jambo sikukwambia, kwa kuwa nilidhani unalijua. Kwetu sisi wa biashara hii ni kitu cha kawaida mno. Nimekuambatishia tangazo langu, lina picha kumi na moja nilizopiga kabla sijalituma. Angalia ile ya tatu na ya nane. Unaona ile mikwaruzo? Unaona pale rangi ilipomenyeka chini ya mkono, na pale nyuma palipochunika mpaka mbao ikaonekana? Yote hiyo imetengenezwa kiwandani kwa makusudi! Wamechukua gitaa la mpigaji mmoja maarufu, wakapima kila kovu lake, wakalirudia kovu kwa kovu kwenye magitaa haya mia mbili. Kuna fundi anakaa wiki nzima akilichakaza gitaa jipya kwa funguo na msasa. Yanayong'aa ya mtindo huohuo, nje ya hayo mia mbili, yanauzwa saba au nane. Haya yenye makovu ndiyo yanayofika kumi na sita. Watu wananunua makovu, Baba Mdogo! Mara ya kwanza kusikia na mimi nilicheka.

Mzee Glavu ameyahesabu kwenye picha, anasema ni makovu thelathini na nane. Anakuja kwako tarehe kumi Aprili kuyaona kwa macho. Mpikie chai nzito.

Mwanao,
Dalali (karibu mwenye duka)


Tarehe 1 Aprili

Mwanangu,

Nimeziangalia picha. Nimeziangalia mara nyingi.

Sijui nianzie wapi, nitasema tu. Makovu hayapo. Nilipofungua kasha niliyaona, nikajua gari la vifurushi limelikokota. Moyo ulinipasuka. Nilijua akiba yako yote iko mle. Nikasema huyu mtoto asijue, nitalirudisha upya kabla hajajua. Nikakuandikia limefika salama. Nilikudanganya.

Nililivua vyuma vyote, nikapiga msasa, nikaziba, nikapaka tabaka tisa za rangi na vanishi, kila moja nikiisubiri ikauke. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nasema hivyo na aibu imenijaa.

Namba haijaguswa, hati ipo, kasha lipo. Na picha zako ninazo. Mkono wangu unaweza kuyarudisha yote thelathini na nane mahali pake, kwa ukubwa wake, na hakuna kioo cha mtu kitakachogundua. Sema neno moja tu nianze.

Baba yako mdogo


Tarehe 6 Aprili

Baba Mdogo,

Sikukusalimia kwenye barua ya kwanza niliyoandika, nikaichana. Ya pili pia nikaichana. Hii ni ya tatu. Shikamoo.

Nimekasirika. Nisikufiche, nimekasirika mpaka nimemfokea Mama, ambaye hana kosa lolote. Nilikwambia fungua mara moja, funga! Nani alikuomba tabaka tisa? Gitaa lililopakwa rangi upya linapoteza nusu ya bei hata ukilipaka kwa dhahabu. Lile halikuwa mlango wa gari, Baba Mdogo. Kila kovu mle lilikuwa na mwenyewe, na lilikuwa na bei.

Halafu hilo wazo lako. Siku mbili sikulala kwa ajili yake, kwa sababu najua unaweza. Nilikuwa nakata shauri la kusema ndiyo, narudi nyuma, nakata tena. Kumi na sita ni kumi na sita. Asubuhi ya tatu nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Mzee Glavu nikamweleza kila kitu, mpaka habari ya ndala.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua glavu, akazikunja. Akasema miaka kumi na tisa ananunua magitaa, na hakuna dalali aliyewahi kwenda kwake kwa miguu yake kumwambia bidhaa imeshuka. Halafu akasema halitaki tena. Nikajua ndiyo basi. Lakini nikiwa mlangoni akaniita, akanionyesha magitaa mawili anayoyashuku kuwa bandia, akaniomba niyakague na nimuuzie kwa kamisheni. Yaani sijui nilie au nicheke, kwa hiyo nimefanya yote mawili njiani na watu wananiangalia.

La kwako sasa ni hili. Kuna mpigaji wa bendi ya hotelini, yeye hajali makovu wala hati, anataka gitaa la kupiga. Anatoa milioni tano. Tano na kamisheni havifiki kodi ya mwaka, lakini vinatosha nusu ya chumba, nusu nyingine amechukua muuza miwani. Lilete lilivyo kabla ya tarehe ishirini na tano. Usiliguse. Narudia, usiliguse!

Mwanao


Tarehe 19 Aprili

Kijiko,

Barua yako ilifika tarehe kumi. Niliisoma vizuri, nikaielewa vizuri. Sikutii.

Gitaa linakuja na barua hii. Kabla hujafungua kasha soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kunikata undugu, nikate.

Uliandika kila kovu mle lilikuwa na mwenyewe. Maneno hayo yalinikaa kichwani wiki nzima nikipaka milango ya teksi. Nikajiuliza, huyo mwenyewe ni nani? Mimi simjui. Wewe humjui. Kuna makovu mengine ninayoyajua mimi, moja baada ya jingine, na nikifa hakuna mtu atakayeyajua tena. Niliyaona yakitokea. Miaka kumi na miwili nilikaa nyuma ya kaka yangu nikimbebea spika.

Lile gitaa lake nililiuza mimi, mwaka aliofariki, kwa bei ya kutupa. Mama yako alikuwa hawezi, wewe ulikuwa huna viatu vya shule. Mnunuzi alilalamika limechakaa mno, akapunguza bei kwa kila kovu. Nilisimama pale namwangalia akihesabu makovu ya kaka yangu na kunikata pesa. Leo unaniambia watu wanayalipia! Ningecheka kama isingeniuma.

Kwa hiyo nimeyarudisha. Ya kwake. Pale chini ya mkono wa kulia palipomenyeka, palimenyeka hivyo kwa sababu alikuwa anavaa saa kubwa, hakuivua hata jukwaani. Nyuma ni chuma cha mkanda, mkanda aliopewa na babu yako. Kule kichwani pana alama nyeusi ya sigara aliyoibana kwenye nyuzi, akaacha kuvuta mwaka uliozaliwa wewe. Na ukingoni juu kuna vidoti vinne kwa mstari. Hapo alikuwa anagonga pete ya ndoa kuhesabu mwanzo wa wimbo. Alikuwa hagongi kwenye kitu kingine chochote, tulimsema tukachoka.

Sijaficha kitu. Ukifungua skrubu za shingo, ndani nimeandika tarehe, jina langu, na kwamba makovu haya si ya kiwandani. Asije mtu akasema mwanangu amemuuzia uongo.

Limebaki moja ambalo sikulitia. Chini kabisa, upande wa kushoto, nimepaacha panang'aa, ukubwa wa ukucha. Ulikuwa na miaka mitatu. Baba yako anakula, gitaa liko magotini. Ukachukua kijiko cha chuma kwenye sahani yake ukalitandika kwa nguvu zako zote, rangi ikaruka. Mimi nilipiga kelele. Nikamwambia kaka, lete kesho karakana, nitaliziba lisionekane. Akasema, "Wewe hilo liache. Mwanangu ameweka sahihi."

Akakupa jina siku ileile. Hukuwahi kuwa mwembamba, mwanangu. Ulikuwa tipwatipwa.

Basi hilo sikuligusa. Si langu.

Baba yako mdogo,
Fundi Rangi


Tarehe 26 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Nimekaa na barua yako na gitaa siku mbili. Sasa naandika haraka kwa sababu saa nane nakabidhiwa funguo za nusu chumba! Ndiyo, nimekipata. Magitaa ya Mzee Glavu yameuzika yote mawili, moja kweli lilikuwa bandia na tulilitangaza hivyohivyo, na bado likanunuliwa. Pengo lililobaki mwenye nyumba amekubali nilipe kidogokidogo. Muuza miwani ni mama mmoja mchangamfu, anasema nikiwa nakagua makovu ya magitaa atanikopesha lenzi.

Yule wa bendi ya hotelini nilimwambia samahani. Alipandisha mpaka sita. Nikasema samahani tena. Aliniuliza kama nina akili timamu, nikamwambia akamuulize Mama.

Sasa nikupe tathmini rasmi, maana ndiyo kazi yangu. Toleo la marudio, namba 61. Kasha lipo, hati ipo, kikaratasi kipo. Rangi si ya kiwandani. Makovu si ya kiwandani. Mnunuzi yeyote mwenye akili atalikata zaidi ya nusu, na mimi mwenyewe ningemshauri alikate. Kazi ya mkono: sijawahi kuona nzuri kama hii, na nimeshika magitaa mengi. Nilikusema kama mtu wa kupaka milango ya magari tu. Nisamehe.

Nilipolifungua, Mama alikuwa jikoni. Hakuwa na habari, sikumsomea barua yako. Alikuja anafuta mikono, akasimama. Akalishika upande wa juu, kidole kikapita ukingoni, kikasimama kwenye kidoti cha kwanza. Akahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu, nne." Halafu akakaa sakafuni palepale, akalipakata, akalia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikakaa naye. Sijawahi kumsikia Mama akiimba, Baba Mdogo. Kumbe anaimba!

Baadaye akaligeuza, akaangalia chini upande wa kushoto. Akasema, "Hapa pana kitu kimekosekana." Hakungoja nimjibu. Aliinuka, akaenda jikoni, nikasikia droo inafunguliwa, akarudi nacho mkononi. Cha chuma, kizito, mpini umepinda. Anasema ni kilekile, na tangu siku ile anakitumia kukorogea chai.

Nilikipokea. Miaka saba nimewafundisha wateja wasiache hata alama ya kidole kwenye gitaa. Mkono ulikataa mara mbili. Mama akasema, "Ulikuwa na miaka mitatu na hukuogopa."

Nikapiga.

Kwa bei ya sokoni nimejikata kama laki nne kwa pigo moja. Rangi yako ni ngumu mno, vanishi tabaka ngapi zile! Ilibidi nipige tena ndipo ikaruka, kwa hiyo sahihi ina mistari miwili.

Njoo kabla ya Jumamosi na saa ya ukutani uliyoahidi. Lete msasa wako pia, nina wateja wawili wenye magitaa ya kupaka rangi. Lakini safari hii utafanya ninachokwambia, na kasha utafungua mara moja tu.

Mwanao,
Kijiko